Kichwa cha Sato

Obedi, fundi wa kuchomelea pale Buzuruga, Mwanza, anaweza kukutengenezea geti likadumu kuliko nyumba yenyewe, lakini hadi anaingia utu uzima wa kuota mvi alikuwa hajawahi kukaanga hata kitunguu. Msimcheke. Alilelewa na mama aliyemfukuza jikoni kwa mwiko, na alipotoka mikononi mwa mama akaangukia kwa Gladness, mke ambaye naye hataki mtu aguse sufuria zake. Mtu wa namna hiyo angejifunzia wapi?

Mwaka huu mambo yakamwandama. Bi Wilhelmina, mama yake, alianguka uwanjani kwake kule Ukerewe akaumia goti, na Obedi akaenda kumchukua aje kuishi naye. Haukupita muda, Gladness, ambaye ni muuguzi, akapata nafasi ya masomo Dodoma. Nyumba ikabaki na mama, mwana, na chipsi mayai za kununua.

Mama alivumilia. Alizila zile chipsi kama mtu anayemeza dawa, anashukuru, anasukuma sahani. Kisha asubuhi moja Obedi akakuta begi la mama karibu na mlango, limefungwa zipu.

"Jumatatu ijayo napanda meli narudi kwangu," mama akasema. "Nyumba isiyopikwa ni stendi, baba. Mimi siwezi kuzeekea stendi."

Maneno yale yalimchoma. Kule kisiwani mama alikuwa akiishi peke yake. Goti likimsaliti tena, nani atamsikia? Obedi aliogopa, na alimjua mama yake: huyo habembelezwi kwa maneno. Siku hiyohiyo akajiunga na darasa la mapishi la mtandaoni la Mwalimu Zakia wa Dar es Salaam, ambaye hufundisha Jumamosi, kila mwanafunzi akiwa jikoni kwake na simu mbele yake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Jumamosi ilipofika, aliegemeza simu kwenye kopo la unga akavaa ile miwani yake myeusi ya kuchomelea, maana alikuwa amesikia kwamba vitunguu huliza watu.

"Kaka wa Mwanza," Mwalimu Zakia akauliza, "unapika au unachomelea?"

"Vyote, mwalimu. Hiki kitunguu nikate unene gani? Milimita ngapi?"

"Kaka, hicho ni kitunguu, si bomba!"

Darasa zima likacheka, na Obedi akacheka nalo. Somo lilikuwa samaki wa nazi. Alfajiri alikuwa ameshuka mwaloni Kirumba, wanakotua wavuvi, akanunua sato mnene ambaye hata mchuuzi alimsifia. Mwalimu alipowaambia wakate kichwa wakiweke pembeni, samaki apate kuenea sufuriani, Obedi alikikata kwa mstari ulionyooka kama wa rula, akakiweka kwenye bakuli nje ya mlango wa nyuma kwa ajili ya paka wa jirani yao Rose. Kwake yeye, kilichowekwa pembeni kilikuwa taka. Akasonga na ugali wa muhogo, akaukandamiza kwa mwiko kwa nguvu zake zote za karakana, kisha akaipandisha miwani kichwani, akamwandalia mama pale pale jikoni, kwenye kimeza kando ya mlango.

Bi Wilhelmina alinawa, akasali, akamgeuza samaki kwa kidole. Akamgeuza tena.

"Kichwa kiko wapi?"

"Nimemwekea paka wa Rose, mama."

Simu ilikuwa bado hewani. Darasa zima lilisikia.

Katika nyumba ya Bi Wilhelmina kichwa cha samaki ni cha mkubwa wa nyumba, na hapakuwa na mjadala. Baba yake Obedi alipofariki, jioni waliyoondoka waombolezaji, mama mkwe wake alikiweka kile kichwa kwenye sahani ya Wilhelmina bila kusema neno, naye akajua kwamba kuanzia hapo nyumba ni yake. Obedi alikuwepo, mtoto mdogo, akala chake akaenda kucheza. Anayeletewa sahani tu maisha yake yote haangalii ya mwenzake ina nini.

"Basi ni kweli," mama akasema taratibu. "Hapa mimi ni mpita njia."

Obedi alitoka mbio mlango wa nyuma. Paka alikuwa ameshafika, amekaa anakitazama kichwa kile kikubwa akitafuta pa kuanzia. Obedi akamnyang'anya bakuli huku paka akimtukana kwa lugha ya kwao. Alikiosha kichwa, akakiosha tena kwa limau, halafu akasimama mbele ya jiko hajui la kufanya.

"Mwalimu," akasema, "kichwa kinapikwaje?"

Kabla mwalimu hajajibu, kiti kikalia nyuma yake. Bi Wilhelmina alikuwa amesimama na mkongojo wake.

"Usimsumbue mtoto wa watu. Kwanza toa matamvua. Yatakuchachushia mchuzi."

"Shikamoo mama!" Mwalimu Zakia akamwamkia kutoka simuni.

"Marahaba mwanangu. Mapishi yako mazuri, mchuzi unanukia hadi huku. Huyu wangu ndiye anayemwagia nazi kama anapaka geti rangi."

Akavuta kigoda mpaka kando ya jiko, akaketi, akanyoosha lile goti bovu. Punguza moto. Nyanya kwanza. Chumvi bado, una haraka ya wapi? Obedi alitii kila neno, na huko simuni wanafunzi wote walikuwa wameacha ya kwao wanatazama. Mafuta yakaruka yakalipata gauni la mama.

"Obedi, niletee kitenge changu cha jikoni, nisichafuke."

"Kiko wapi, mama?"

"Kwenye begi, chini kabisa. Utatoa vyote, wala usivirudishe."

Alikwenda, akapiga magoti karibu na mlango, akafungua zipu, akatoa nguo moja moja, akaenda kuzipanga juu ya kitanda cha mama. Alipomaliza alirudi jikoni na kitenge mkononi, amevaa tena ile miwani ya kuchomelea, ingawa vitunguu vilikuwa vimekwisha kukatwa zamani.