Kambo Alivyouona Mwezi Ukikanyagwa

Enzi zetu, na msinicheke, najua nina miaka kumi na saba tu, lakini nyinyi mliokulia Yeoville hapa Johannesburg pamoja nami mtakubali kwamba enzi zetu zilikuwepo na zimeshapita. Ni zile za kucheza mampatile kwenye ngazi za ghorofa, mtu anajificha nyuma ya ndoo za mama wa watu mpaka anasahaulika. Enzi za kununua magwinya ya moto, maandazi ya huku, pale kwenye kiduka cha spaza na kupitisha ulimi kwenye karatasi yaliyofungiwa. Umeme ukikatwa, hakuna aliyelalamika kwamba chaji imeisha, maana hatukuwa na cha kuchaji. Tulitoka nje kwenye kibaraza, tukajifunika blanketi moja watoto wote, tukatazama juu.

Kwetu, kutazama juu kulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Kambo.

Kambo ni bibi yangu, mama yake mama. Sisi wa Lubumbashi ndivyo tunavyowaita. Alikuwa akishona nguo chumbani kwetu, cherehani dirishani, na kila Jumapili baada ya kanisa alipika bukari, ugali wetu, na sombe kwa yeyote aliyepanda ngazi. Chakula kikishafunuliwa alifuta mikono, akasema, "Siku ile bale bantu bafikaka ku mwezi, miye nilionaka na macho yangu." Hapo hata mdogo wangu Jonathan, aliyekuwa bado anatambaa, alikaa kitako.

Hadithi yenyewe tuliijua kama sala. Kambo alikuwa mtoto kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Televisheni hawakuwa nayo, na hata hapa Johannesburg wakati ule haikuwepo. Redio ilikuwa moja tu, ya muuguzi. Aliiweka dirishani, ikawa inasema Kifaransa, naye akiwageuzia watu Kiswahili kipande kwa kipande. Mwezi ulikuwa mchanga, umeinama upande wa machweo, na kambi nzima ilitoka nje kuutazama. Lakini kabla ya hapo, mama yake Kambo aliwakusanya watoto akawapa fagio. Fagieni uwanja! Osheni miguu! Anueni zile nguo zilizochanika! Walipouliza kwa nini, akasema, "Kama sisi tunawaona, na wao wanatuona. Mnataka wakaseme nini kwao?"

Basi uwanja ukafagiwa kwa ajili ya wageni walioko mwezini. Baba yake Kambo alivaa koti la kanisani, akakaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu, akitazamwa. Redio iliposema wametua, watoto walipunga shuka jeupe. Na Kambo akaona. Kwenye ukingo wa mwezi, kitu kidogo cheusi, kama kiroboto, kilisogea.

"Uongo mtupu!"

Huyo alikuwa Mzee Mbwana. Kila Jumapili, kiroboto kikisogea tu, yeye alipiga meza. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mtu wa Tanga, mlinzi wa duka la samani kule Jeppestown. Alikula sombe yetu akiiita kisamvu, na hakuamini kwamba binadamu amewahi kufika mwezini.

"Mama Lubumbashi, wale walikwenda jangwani wakapigana picha. Mwezini mtu atashukia wapi?"

"Weye ulikuwa wapi siku ile, baba?"

"Nilikuwa Tanga, nimelala, kama watu wenye akili."

Sisi watoto tulicheka mpaka maji yakatutoka puani. Ndiyo ilikuwa sinema yetu.

Sasa, Jumapili moja ya baridi, mwaka nilipokuwa darasa la nne, mchezo ulivuka mpaka. Mzee Mbwana alikuja amevimba, amesikia kwamba kule juu Observatory, kwenye lile jengo la kuba mlimani, wangefungua mlango jioni moja ili watu watazame mwezi kwa darubini.

"Twende," akasema. "Si uliwaona kwa macho matupu? Kwa darubini utaona mpaka kisigino. Nikiona alama ya kiatu, sitabisha tena maisha yangu. Tusipoiona, mama, hadithi hii usiisimulie tena."

Mama yangu alimkanyaga Kambo mguu chini ya meza, nilimwona. Lakini Kambo alikuwa ameshanyanyua kidevu.

"Naapa. Na mwamuzi ni nani?"

Wakatazamana, halafu, eish, wakanitazama mimi. Mimi! Mtoto niliyejificha nyuma ya pazia mgeni akigonga mlango, niliyeitwa darasani nikaitikia kwa moyo tu. Mzee Mbwana akasema, "Huyu hapa. Hana maneno mengi, hatakuwa na nafasi ya kudanganya."

Wiki ile sikulala vizuri. Mnaelewa kwa nini? Kambo alikuja huku bila kitu. Nyumba iliuzwa, picha zilibaki, hata kaburi la mumewe liko kwa watu wengine. Alichovuka nacho mipaka yote ni ile jioni, uwanja umefagiwa, baba yake ndani ya koti. Na sasa ameiweka mezani.

Siku ilipofika, Kambo alifagia chumba chetu kwanza, akafagia na kibaraza. Akavaa kitenge cha Pasaka. Akaniambia nioshe miguu, tena kwenye maji baridi ya mwezi wa saba. Tukapanda mlima kwa miguu, jua ndiyo kwanza limezama, Mzee Mbwana mbele amevaa koti lake la ulinzi, anapuliza mikono. Mwezi ulikuwa palepale upande wa machweo, mchanga, kama ule ule.

Kambo akatangulia kwenye darubini. Aliinama muda mrefu, watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

"Ninaona," akasema.

"Unaona nini?"

"Ninaona kazi ya Mungu."

"Mama, sikuuliza ya Mungu. Nimeuliza kiatu."

Akatazama yeye. "Mashimo," akasema. "Mashimo matupu, utadhani barabara yetu ya Rockey." Kisha akanisukuma taratibu. Zamu ya mwamuzi.

Niliweka jicho. Mwezi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba niliogopa, mweupe kama unga wa bukari kabla haujaguswa, na kweli una mashimo, yenye kingo na vivuli. Nikatafuta. Wallahi nilitafuta, kama Mzee Mbwana anavyosema. Nilitafuta kiatu, bendera, hata kiroboto. Nyuma yangu nilisikia Kambo anavyopumua. Ningeweza kusema nimeona. Lakini walikuwa wamenichagua kwa sababu moja tu.

"Hakuna kiatu, Kambo," nikasema.

Kijana mwenye darubini alituhurumia. Akaeleza kwamba hakuna darubini duniani iwezayo kuonyesha nyayo zile kutoka huku. Ni mbali mno, na nyayo ni ndogo mno. Nikashusha pumzi, nikajua tumeokoka. Kambo akamshukuru vizuri, akajifunga kitenge.

"Kinywa kiliapa," akasema. "Kinywa kifunge."

Tukashuka mlima. Mzee Mbwana ameshinda, lakini hakuimba. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, alisimama hata ilipowaka ya kijani.

Jumapili zilizofuata, ndugu zangu, hazikulika. Kambo alipika kama kawaida, akafunua, akafuta mikono, halafu akakaa. Mzee Mbwana alizungumzia mpira, akazungumzia baridi, akaishiwa. Alianza hata kuwabishia wahubiri wa redioni, lakini redio haijibu. Mpaka siku moja aliliweka tonge chini.

"Mama, hiki kisamvu hakishuki."

"Ni sombe," akajibu Kambo, basi.

Mzee akanigeukia. "Wewe mwamuzi. Bibi yako aliapa. Wewe uliapa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi simulia wewe."

Nikatafuta pazia kwa macho. Lilikuwa mbali. Kambo alikuwa anatazama sahani yake, lakini mkono wake umesimama hewani. Sijui niliitoa wapi sauti. Niliisikia ikisema, "Siku ile wale watu walipofika mwezini…"

Nilisimulia vibaya, nakiri. Niliruka redio, nikairudia. Nilimsahau muuguzi, Kambo akakohoa, nikamkumbuka. Nilipozisahau fagio, Kambo alinyanyuka bila neno, kinywa amekibana kweli kweli, akachukua ufagio nyuma ya mlango, akaanza kufagia chini ya miguu ya wageni wakiwa wanakula! Hapo hata mama alicheka. "Uwanja ukafagiwa!" nikapiga kelele. Kambo akarudisha ufagio, akakaa. Nikamvika baba yake koti. Nikapunga kitambaa cha meza. Nikakifikisha kiroboto kwenye ukingo wa mwezi, na kikasogea.

Mzee Mbwana alipiga meza mpaka mchuzi ukaruka. "UONGO MTUPU!" Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefuturu. Kambo alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kitenge, kisha Mzee akavuta bakuli karibu, na kisamvu kikashuka.

Siku hizi Jonathan ana simu. Anaona roketi kwa rangi zote, inapaa na inarudi kujisimamisha yenyewe, na kabla moshi haujaisha ameshasogeza kidole. Nikimwambia watu walikwenda mwezini anasema, "Imetengenezwa na kompyuta hiyo, sisi," ndivyo watoto wa huku wanavyomwita dada. Wabishi kama Mzee Mbwana sasa wamejaa, tena wengi, ila hawakai kula. Wanabisha na kupita. Enzi zetu mtu akikubishia, alikuwa na sahani kwako.

Kambo macho yameingia ukungu. Mwezi ukiwa mchanga ananiuliza kama upo, nami natazama kwa niaba yake, nikiwa nimeosha miguu. Bado hajavunja kiapo. Msimulizi ni mimi, yeye anakohoa.

Mzee Mbwana alirudi kwao Tanga. Jumapili namrekodia hadithi kwenye simu, chakula kikiwa mezani, namtumia kipande kwa kipande kama yule muuguzi wa redio. Jana nilipofika kwenye kiroboto nikasita, kwa sababu vipande vyote vya kabla yake alikuwa hajavijibu, nikaanza kuogopa. Kambo naye akaacha kutafuna. Kisha ujumbe wa sauti ukaingia, tukasogea wote kusikiliza, na sauti yake ikaja, nzito, ya mtu aliye mezani kwake:

"Uongo mtupu. Endelea."