Upande wa Nyuma wa Karatasi

Karatasi ile niliibandika mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na gundi ya posho, yaani unga wa ugali. Nasema mapema ili mtu asije akamtafuta mwingine wa kulaumu.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi. Anasoma upande wa Kibuli, sisi tunakaa Mbuya, na kila jioni alirudi amekumbatia tarumbeta ya shule kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mwalimu wake wa muziki, binti Mkenya, mpole, alikuwa ametangaza siku ya wazazi kuja kuwasikiliza watoto wakipiga mmoja mmoja. Baada ya hapo angechagua wa kuingia bendi ya shule. Nafasi ya tarumbeta ilikuwa moja tu, na huyu mtoto aliitaka mpaka akaacha kula vizuri.

Sasa, nyumbani kwetu bingwa wa tarumbeta nilikuwa mimi. Miaka mingi nilikuwa mpiga tarumbeta wa kambi ya jeshi, huko kaskazini. Asubuhi nawaamsha watu, jioni nawasimamisha bendera ikishuka. Siku hizo nilikuwa na meno yote. Tarumbeta inataka meno, mdomo peke yake hautoshi, ndiyo maana leo nikijaribu inatoka pumzi tu kama tairi ya baiskeli. Lakini meno tuyaache. Jambo nililokuwa sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu, ni kwamba sijui kusoma karatasi ya muziki. Shule niliiacha darasa la pili. Kambini tulifundishwa kwa sikio: mkubwa anapiga, na wewe unapiga, ukikosea unazunguka uwanja mbio na tarumbeta juu ya kichwa. Nyimbo nyingine nilizishika zaidi kwa miguu kuliko kwa mdomo.

"Jaja," mtoto akaniambia siku ya kwanza, maana ndivyo anavyoniita mimi babu yake, "wewe unajua kusoma hizi?"

Ningesema hapana. Neno dogo. Lakini mama yake alikuwa pale anamenya ndizi za matooke, akaniangalia kwa fahari, nami nikasema, "Hizi? Hizi nilizisoma kabla baba yako hajazaliwa."

Kila mtoto alipewa wimbo wake. Mwalimu alimwimbia mwanzo tu, mwisho akamwachia ausome mwenyewe, maana hapo ndipo angejua nani anasoma na nani anakariri. Hilo sikulijua. Nikavaa miwani, nikamwambia, "Imba kwanza, nione kama umeelewa." Akaimba, nikashika kwa sikio, kisha nikayafuata yale madoadoa kwa kidole, polepole, kama nasoma barua ya mkubwa.

Karatasi ikaanza kukunjika pembe. Kambini kwetu amri zote zilibandikwa kwenye ubao, na mimi mazoea hayo hayajanitoka. Nikakata ubavu wa boksi la sabuni, nikakoroga unga na maji ya moto, nikaanza kupaka.

"Jaja, na nyuma kuna alama."

"Hizo za nyuma ni za walimu."

"Za walimu?"

"Za walimu. Ninyi wanafunzi mnapiga za mbele."

Akaniachia karatasi. Nikabandika, nikakandamiza kwa pasi baridi, ikakauka ngumu kama kigae.

Lakini sikio langu, ingawa halikusoma, si kiziwi. Wimbo ulipofika chini ya karatasi ulibaki unaning'inia, kama mtu aliyeinua mguu akasahau kuuweka chini. Nikajua haujaisha. Basi nikautafutia mwisho katika vitu vyangu: mlio wa kushusha bendera, ule unaoteremka taratibu. Siku hizi huku kwetu bendera inashushwa kwa filimbi tu, kwa hiyo mtoto hakuutambua. Ukaungana vizuri sana. Tulifanya mazoezi wiki mbili, nikawa najisifu moyoni.

Siku ikafika, mchana, ukumbi umejaa. Wazazi wengi pale ni watu wa jeshi na polisi, pamoja na Wakenya wenye maduka. Nilikaa mbele na koti langu, boksi lenye karatasi nimelipakata, maana mtoto alikuwa ameshaushika wimbo kichwani. Akaanza. Safi kabisa. Akafika pale pa kuning'inia, akauteremsha mwisho wangu.

Nyuma yangu nikasikia kiti kimoja kikisukumwa. Kisha viti vingi. Nikageuka: mzee mwenye fimbo amesimama wima, mikono ubavuni. Wanajeshi wote wamesimama, wake zao wamesimama, na Wakenya, nadhani walifikiri ni sala, nao wamesimama. Ndipo nikaona kwamba hata mimi nimesimama.

Mtoto aliwaona. Uso wake, sijui niueleze vipi. Alifikiri wamesimama kwa ajili yake. Akamaliza, akainama kwa adabu.

"Afande!" mtu mmoja akaita kutoka nyuma. "Na bendera yenyewe iko wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu akangoja kitulie, akamwuliza kwa upole, "Mwisho huu umeutoa wapi? Upande wa nyuma hukuusoma?"

Mtoto akaniangalia. Boksi lilikuwa mikononi mwangu. Kazi yangu ilikuwa kufungua mdomo tu.

"Nimeutunga mwenyewe, mwalimu," akasema.

Nami nikatazama viatu vyangu.

Nafasi akapewa mwenzake. Tulirudi kwa pikipiki ya boda, mimi, mtoto na dereva, tarumbeta katikati. Nyumbani nililoweka boksi kwenye beseni ili niitoe karatasi, lakini gundi ya posho haina huruma, nusu yake ikatoka vipande.

Jumatatu nilikwenda shuleni. "Mwalimu," nikasema, "mtoto alinifichia aibu. Mwisho ule ni wangu. Mimi sijui kusoma hizi."

"Mzee wangu, kwa nini hukusema siku ile?"

Nikamtolea vile vipande vya karatasi. Akaniambia hawezi kumnyang'anya aliyepewa, ila mtoto atajaribu tena muhula ujao. Akanipa karatasi mpya. Jioni nikamwambia mjukuu na mama yake pamoja, kwa maneno yale yale. Mama yake akaweka kisu chini, akasema, "Eeh, mzee," basi. Mtoto akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa nyuma hapo hapo mbele yangu.

Siku tatu alikaa nyuma ya nyumba juu ya beseni lililopinduliwa, anasoma doa moja, anapiga, anasoma lingine. Hakuniita. Siku ya tatu mwisho wa kweli ukatoka. Hauteremki kabisa, unapanda. Nikatoka nje niusikie vizuri, na miguu yangu ikaungana yenyewe, mikono ikashuka ubavuni.

Akaitoa tarumbeta mdomoni.

"Jaja, keti. Hii siyo ya bendera."

Nikaketi.