Keki za Eda

Nikifungua kopo la kakao, ule unga mkavu ukinipanda puani, narudi moja kwa moja kwenye jiko la mama mdogo kule Rahaleo, mlango wa uani umefungwa, bati la paa linawaka jua.

Mama mdogo alikuwa amefiwa na mumewe, anakaa eda kwa wakwe zake. Mimi, mtoto wa shamba kule Ziwani niliyezoea kuzurura mikoroshoni kutwa nzima, nilipelekwa nikakae naye asipweke. Yeye hatoki, nami nisitoke. Nikichungulia dirishani tu, mkwewe, bibi mwenye masikio mepesi ajabu, alikohoa sebuleni.

Faraja yetu ilikuwa keki. Majirani waliendelea kuagiza, naye akaendelea kuzioka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ila mjane hagusi manukato, na bibi alipoinusa chupa ya vanila alitoa hukumu: "Hii nayo manukato. Toa." Ikabaki kakao peke yake.

Siku moja nikajitilia kijiko kizima mdomoni. Rangi nzuri vile, nani angejua haina sukari? Ulimi ulikauka, koo likaziba, nikakohoa wingu la kahawia, na hasira zangu zote zikatoka nalo.

"Nimechoka na nyumba hii! Nataka kwetu!"

Nikafumba macho kungoja kofi. Mama mdogo alichuchumaa mbele yangu, mikono imejaa unga, akaninong'oneza, "Sema tena."

Nikadhani ananitega.

"Sema tena, mwanangu. Kwa nguvu."

Basi nikapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Yeye alinitazama, midomo yake ikinifuatisha neno kwa neno bila sauti. Bibi alipotokea mlangoni, aliambiwa tu, "Mtoto kapaliwa na kakao, mama."

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mwaka jana ikafika zamu yangu kukaa eda, ukweni, nikiwajibu "alhamdulillahi" wote walioniuliza hali. Jioni moja mtoto wa wifi yangu, aliyeletwa na mamake kunitazama, aliangua kilio sebuleni: kachoka, anataka kwao. Watu wazima wakamkimbilia kumnyamazisha. Mimi niliomba moyoni asinyamaze.