Bendi ya Kaka Shaame Ilipokuja Wete

Harufu ya betri kuukuu za redio zilizopigwa na jua hunirudisha hadi leo Jadida, Wete, nyumbani kwa mama mkubwa, Bi Mize. Nyinyi mliozaliwa na umeme hamjui: betri zikichoka hazikutupwa. Tukizianika juu ya bati tangu asubuhi, tukizilinda na kuku, na jioni zikitulipa nyimbo mbili tatu kabla sauti haijaanza kukokota kama mgonjwa.

Tukizitunza kwa ajili ya bendi moja tu, ya magitaa ya umeme, kutoka bara. Mwimbaji wao, mtangazaji wa redio akimwita Sami, mtoto wa Tanga. Kwetu sisi mle ndani alikuwa Shaame, mwana wa pekee wa Bi Mize, aliyevuka kwa mashua bila ya ruhusa, zama ambazo kutoka kisiwani bila ya karatasi kulimtia mtu kifungoni. Jirani akiuliza, akiambiwa Shaame yuko Unguja kwa kazi. Siku ya mwanzo sauti yake iliposikika, Bi Mize aliacha kukuna nazi. "Mwanangu huyo," alisema, kisha akaniziba mdomo mimi, ambaye hata sikuwa nimesema neno.

Nilikuwa na miaka tisa, na bendi ile ndiyo iliyokuwa dunia yangu. Nilikuwa na picha yao ya gazetini: nywele kama vichaka, suruali pana za kufagilia njia. Basi habari zilipoenea kwamba wanakuja kupiga kwenye sherehe za serikali, uwanja wa mpira, nilishindwa hata kula. Bi Mize yeye alikusanya sukari ya foleni, kidogo kidogo, miaka ile ya shida, akapika kaimati bakuli zima na kulifunga kwa kitambaa.

"Hatumwiti," aliniambia njiani. "Twenda kumwona tu. Akipata mwanya atatujia mwenyewe."

Baada ya alasiri uwanja ulijaa, wanafunzi wamepangwa mistari juani. Bendi ilipopanda jukwaani nilidhani tumeletewa watu wengine. Vichwa vimenyolewa, suruali za kaki zimewabana miguu. Wakubwa hawakutaka nywele wala mapana. Kisha gitaa likalia. Sikuwa nimejua kwamba sauti inaweza kumgusa mtu kifuani kama mkono. Lakini nyimbo zetu hazikupigwa. Zilipigwa za kusifu, na sisi tukapiga makofi tulipoashiriwa. Shaame alikuwa amekonda, shingo imemtoka; hata jirani asingemtambua.

Walipoteremka kunywa maji, tulikuwa tumekwisha kujipenyeza hadi kwenye kamba. Shaame akapita, akamwona mama yake, akasimama. Kijana wa sare aliyelinda pale aliwatazama wote wawili.

"Bibi, wamjua huyu?"

Bi Mize alilikumbatia bakuli. Kijana akamgeukia Shaame. "Ndugu, mama yako huyu?"

"Hapana," alisema Shaame, kwa lafudhi ya bara. "Mimi sina mtu huku."

Nilifungua mdomo. Mkono wa Bi Mize ukanibana mpaka vidole vikaniuma.

"Nimemfananisha, baba," alisema. "N'likuwa na wangu wa umri huu. Kafa baharini."

"Pole, bibi," alisema kijana, na Shaame akarudi jukwaani. Ndipo walipoupiga wimbo tulioupenda. Bi Mize aliusikiliza hadi mwisho, akapiga makofi pamoja na watu.

Njiani nilimlilia kwa hasira. "Mama mkubwa, kwani hukumjua?"

"Nyamaza. Kula." Akalifungua bakuli. Nikala huku nalia, na sitawaficha, zilikuwa tamu.

Lakini pale kwenye kamba palikuwa na masikio. Kabla ya magharibi wanawake wa mtaani walikwisha kujaa uani, wamejitanda kanga. "Bi Mize, msiba kama huu watuficha sisi?" Angesema nini? Angesema yuhai, wangeuliza yuko wapi. Alitandika mikeka. Kesho yake ikasomwa hitma ya marehemu, na mimi nikapewa juzuu nimsomee Shaame, niliyemwona jana akinywa maji. Bi Mize alikaa katikati, akipokea mkono wa kila mtu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama mkubwa alimkana mwanawe. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipofahamu: angelimdai, wangelimkamata. Alimpa njia ya kuondoka. Ila liko jambo ambalo hata yeye hakulijua, wala mimi silijui: kama Shaame alisema "hapana" kwa woga, au kwa kumkinga mama yake, au kwa kuwa ametuchoka. Hapakuwa na wa kumuuliza. Njia zilikuja kufunguliwa, watu wakenda na kurudi, yeye asirudi. Sauti yake nayo ikapotea redioni. Kama bendi ilivunjika, au alikufa kweli, hatukuambiwa.

Bi Mize alipofariki hatukuwa na pa kupeleka habari. Aliyeshuka kaburini kumpokea, mahali pa mwana, alikuwa mtoto wa jirani.