Rachael Komora na Bei ya Nyanya

Rachael Komora ameuza nyanya katika soko la Garsen kwa miaka kumi na tisa, na haoni taabu kumwambia mtu kwamba amekosea. Bonaya, kijana anayekusanya bei za vyakula kwa ajili ya Benki Kuu, alifika Aprili akasema kwa jua lile nyanya zingezidi kushuka. Rachael akamkatalia.

Alimweleza kwamba asubuhi ile alikuwa amezungumza kwa simu na dadake Josephine, mkulima wa Ndera, huko juu mtoni. Mvua ya milimani ilikuwa imefurisha mto, na shamba la Josephine lote lilikuwa chini ya maji. Zamani mafuriko yalikuwa na majira yake. Siku hizi yanakuja yanavyotaka.

"Andika zitapanda, na si kidogo," alisema.

Bonaya alisita, kisha akaandika, pamoja na jina la Rachael.

Siku sita baadaye mafuriko yalifika Garsen, barabara ikakatika. Nyanya zikaletwa kwa boti, na debe moja likauzwa kwa bei ya madebe matatu.

Mwezi uliofuata, kwa sababu ya utabiri wake ule, Rachael alialikwa Mombasa, kwenye kikao cha wachumi wa Benki Kuu. Alivaa gauni lake la kanisani akaketi mbele. Walikuwa wakijadili kama wapandishe riba ili kutuliza bei zilizopaa nchini. Mmoja wao, mama wa makamo, akamuuliza anaonaje.

"Mkipandisha riba, mto hautapungua," Rachael alijibu. "Ila dadangu atashindwa kukopa pesa za mbegu, na nyanya zitaadimika zaidi."

Yule mama akamwomba arudie polepole, akaandika. Mjadala uliendelea hadi chakula cha mchana, na Rachael akasema kila alipoona hawajaelewa.

Safari hiyo riba haikuguswa. Josephine alikopa, akapanda maji yalipokupwa, udongo ukiwa bado mbichi. Agosti nyanya zilijaa Garsen hadi Rachael akalalamika kwamba ni rahisi mno.

Sasa wanawake wanne, kutoka Kinakomba hadi Kipini, humpigia Bonaya kila wiki kumweleza hali ya mto. Rachael ndiye aliyewachagua. Wa tano alimkataa mwenyewe, kwa sababu anapenda kubahatisha.