Mama Furaha Aliingia Ziwani

Siku niliyoaibishwa pale Rubona, kando ya Ziwa Kivu, naikumbuka hadi leo, mwanangu, wala sitaki kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani siku ya kazi, na mkononi nilishika jarida lenye hadithi yangu ya kwanza.

Lakini ngoja kwanza. Juzi uliniuliza nilisomea wapi uandishi, nikacheka, ukadhani nakudharau. Sikukudharau. Sikusomea popote. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha kule. Tuliporudi Rwanda tulifikia hapa Mbugangari, karibu na mpaka, nami nikafanya kila kazi iliyonijia. Nilibeba kichwani kabichi na karoti za Busasamana, nikazivusha hadi Goma, upande wa Kongo. Nilikuwa mkalimani katika zahanati moja, nikisimama kati ya daktari na wagonjwa wasiosikia Kifaransa, na huko nilijifunza jinsi mtu anavyozungukazunguka kabla ya kusema panapomuuma. Niliwaandikia watu barua. Niliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Shangazi zangu walisema situlii, naruka kazi hii kwenda ile. Waliokufa walikufa wakisema hivyo, na waliobaki bado wanasema. Mimi sioni aibu. Kila nilichoandika kimetoka kwenye kazi hizo, na mtu akikuambia kwamba mwandishi lazima awe na shahada na meza yake, mwambie kuna mwanamke Mbugangari anakataa.

Haya, turudi Rubona.

Aliyenifundisha kuuza samaki pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia, aliitwa Mama Furaha. Alikuwa mjane, mwenye sauti ya kusikika kutoka chombo hadi chombo. Asubuhi moja, tukisubiri wavuvi, alinisimulia jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulisimulia. Miaka mingi nyuma, upepo ulipindua mtumbwi wa mumewe, watu wakiuona kutoka nchi kavu. Wanaume waliokuwepo walisema tusubiri upepo utulie. Yeye hakusubiri. Wakati ule mwanamke hakukanyaga chombo cha uvuvi, walisema analeta mkosi. Alikikanyaga. Akapiga kasia peke yake, akawatoa watu wawili majini wakiwa hai. Hakumpata mumewe. Na aliporudi, badala ya kupewa pole, alitukanwa kwa kuvunja mwiko.

Nikaiandika. Nikampelekea mhariri wa jarida, bwana wa suti na maneno laini. Alinisifu sana, kisha akasema, "Wasomaji hawatakubali mwanamke apige kasia huku wanaume wanatazama. Wanaume ndio waende. Yeye abaki ufukweni akiomba. Na hicho Kiswahili chake cha sokoni ukisafishe."

Mwanangu, nilikubali. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kuliona jina langu limechapwa, basi.

Ndiyo hiyo siku ya gauni la kanisani. Nilisimama katikati ya mabeseni ya samaki nikamsomea Mama Furaha hadithi yake, wauzaji wenzake wakisikiliza. Mwanzoni walitabasamu. Nilipofika ufukweni, kwenye maombi, walianza kutazamana.

"Bon," alisema nilipomaliza, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. "Uyu mama ni nani?"

"Ni wewe, Mama Furaha."

"Apana. Mi sikukaa chini kusali. Mi niliingia mu maji. Banaume njo balikaa."

Nikaanza kujieleza: mhariri amesema hivi, wasomaji wanapenda vile. Aliinua mkono kunikatiza.

"Balinitukana mbele ya batu bote, nikavumilia. Leo ni weye, mutoto nilikupa chakula, unakuja kunitoa mu mutumbwi yangu? Unaogopa nani?"

Alinigeuzia mgongo akaendelea kupima samaki. Hakuna aliyenisemesha tena asubuhi ile, nami nikaondoka na jarida langu.

Kesho yake nilirudi kwa mhariri nikamwambia achape hadithi upya, kama ilivyotokea. Alicheka.

"Ukinibishia hutachapwa tena na mtu yeyote ninayemjua."

"Basi nitawatafuta usiowajua," nikamjibu.

Ilinichukua miaka minne kuandika kitabu kizima, asubuhi kabla ya soko, na mchana wateja wakipungua. Kila nilipokwama nilimwendea Mama Furaha. Mara ya kwanza alinifukuza. Mara ya pili aliniambia nimekosea upepo ulitoka upande gani. Nikasahihisha. Wachapishaji wawili walitaka niyabadilishe yaleyale. Nilichukua karatasi zangu nikaenda zangu nyumbani, nikauza samaki. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Goma. Aliniuliza swali moja tu: "Ilitokea kweli?" Nikasema ndiyo. Akakichapa bila kugusa neno la Mama Furaha hata moja.

Tulikisoma hadharani palepale mwaloni, Jumamosi, jua likiwa juu. Mama Furaha miguu ilikuwa imeshamchoka, tukamwekea kiti mbele. Nilipofika anapochukua kasia, wanaume walianza kunung'unika. Mmoja akapaza sauti, "Bongo!" yaani uongo. "Mwanamuke mu upepo ile?" Wenzake wakacheka. Nikaendelea kusoma kwa nguvu zaidi. Wakazidi.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akajiinua kwa fimbo yake. Wote walimjua, alikuwa mvuvi maisha yake yote.

"Mi nilikuwa mu ile maji," alisema. "Alinivuta na nywele. Balipomutukana, nilinyamaza juu ya aibu. Miaka yote nimenyamaza." Akamgeukia Mama Furaha. "Unisamehe, dada."

Mama Furaha alimgeukia kutoka kitini.

"Umekawia," akamwambia. Kisha akaniangalia mimi. "We, endelea kusoma."

Nikasoma hadi mwisho, na hakuna aliyecheka tena.

Nakwambia haya kwa sababu ya ile barua ya wachapishaji uliyonionyesha. Wanataka hadithi yako uitoe hapa mpakani uipeleke mji mkubwa, eti wauza nyanya hawasomeki. Sikiliza. Wakikwambia sentensi ni ndefu, ikate. Wakikwambia ukurasa huu unachosha, usome tena bila kiburi, huenda wanasema kweli. Lakini wakikutaka umnyang'anye mtu alichokifanya umpe mwingine, kataa. Kataa hata kama ni mara yako ya kwanza, hata kama unatetemeka, hata kama ni mimi ninayekutaka ufanye hivyo. Na usiache kazi yako kwa sababu umeitwa mwandishi. Vuka mpaka, uza, tafsiri, bishana na watu. Huko ndiko utakakoyapata ya kuandika.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe afya na ukaidi wa kukutosha, na wale unaowaandika wakikusikia, wajitambue.