Siku Niliyogawa Ufunguo wa Ushirika

Nilituma ufunguo wa siri wa seva ya barua pepe kwenye grupu la darasa. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa na malaria iliyopanda kichwani. Nilitaka tu watu wacheke, na chini yake nikaandika: "Someni kinyumenyume kwa sauti, ng'ombe wa jirani atazaa mapacha."

Mama ndiye anayetunza seva ya ushirika wa wakulima hapa Mugumu. Barua zote za ushirika zinapita humo. Kazi yake mojawapo ni kuona kwamba cheti cha usalama kinahuishwa kabla hakijaisha muda, la sivyo simu za watu zinaanza kulalamika kwamba seva haiaminiki. Alishanieleza kwa mfano wa ng'ombe, maana kwetu kila kitu kinaelezwa kwa ng'ombe. Cheti ni chapa iliyo pajani: kila mtu aione, ajue ng'ombe ni wa nani. Ufunguo wa siri ni kile chuma cha kupigia chapa. Chapa unaionyesha mnadani. Chuma unakificha ndani, na hata mkweo humwonyeshi.

Jumapili ile alikwenda msibani Susuni, akaniachia laptopu. "Angalia tarehe ya cheti tu, kama imesogea. Usiguse kingine."

Nikaangalia. Tarehe ilikuwa imesogea vizuri kabisa. Hapo mtu mwenye akili angefunga laptopu akaenda kucheza mpira. Mimi nikafungua faili lililokuwa jirani na cheti. Ndani kulikuwa na mistari ya herufi zilizovurugika, kama vile mbuzi amekalia kibodi, na juu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba huu ni ufunguo wa siri. Hilo ndilo lililoniongezea utamu. Nikanakili yote, nikatuma.

Vicheko vikaja. Halafu msichana mmoja wa darasani, yule ambaye kwenye kompyuta hatumfikii hata tukipanda ngazi, akaandika: "Wee mjinga, futa hiyo. Sasa hivi."

Nikafuta. Nikaanza kupumua. Ndipo jamaa tunayekaa naye dawati moja akaandika: "Mbona nimeshamrushia binamu yangu kule Kenya? Anasomea mambo hayo. Anauliza hii server ni ya nani."

Nikakumbuka chuma. Mwenye ule ufunguo anaweza kusimamisha seva ya uongo ikajifanya ya kwetu, na simu za wakulima zikaiamkia shikamoo na kuikabidhi barua zote. Na meneja wa ushirika alishamwambia mama mbele ya wenzake kwamba siku barua za ushirika zikivuja, atarudi kijijini Busawe kulima mtama. Mama alicheka siku ile, ila jioni hakula.

Nikafikiria kunyamaza. Kweli nilifikiria. Nilikaa nikiitazama laptopu kama nyoka aliyeingia ndani, na kila simu ilipotetemeka nikajua ni meneja. Mikono ilikuwa na jasho mpaka skrini ya simu ikawa haisomi kidole. Mwisho nikampigia mama.

"Mama, shikamoo."

Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia.

"Umeharibu nini?" akauliza. Mimi huwa simwamkii kwenye simu hivihivi.

Nikamwambia. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Akavuta pumzi, akaanza kunisema kwa Kikurya, lugha anayoitunza kwa ajili ya hasira. Nikasikia miguu yake ikitembea, vilio vikibaki mbali. Alikuwa ameenda nyuma ya jiko la msiba.

"Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Tunatengeneza ufunguo mpya, tunauombea cheti kipya. Andika ninachokutajia. Usibonyeze kabla hujanisomea."

Akataja. Nikaandika, nikasoma. "Umeruka nafasi," akasema. Nikarudia. "Kistari, siyo nukta. Unatetemeka?"

"Hapana."

"Unatetemeka. Rudia."

Cheti kipya kikaja. Tukakiweka mahali pake, kisha akaniambia niizime seva na kuiwasha. Ikazima. Ikakaa hivyo, haisemi kitu, na mimi nikaona jembe, nikaona mtama, nikamwona mama ameinama juani kwa sababu ya kichekesho changu. Kisha ikaamka.

"Nimetuma barua. Imefika?"

"Imefika, mama."

"Seva inatumia cheti gani?"

"Kipya."

"Sasa tubatilishe cha zamani, ili yeyote mwenye kile chuma akipiga chapa, watu waikatae."

Tukakibatilisha. Niliisoma ile amri kwa sauti mara mbili bila kuambiwa. Ilipokubali, mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ukafunguka wenyewe: "Angalau mama tumepata chuma kipya."

Hakucheka. Nilisikia kuni zikipasuka jikoni kwa watu. Halafu akasema, polepole, kwa sauti ile ile ya kunitajia amri:

"Kesho kabla ya shule utavaa sare yako, utakuja ofisini, utamwamkia meneja, na utamweleza mwenyewe ulichofanya, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nitasimama pembeni yako. Na usimchekeshe."